Una picha ya Kiholanzi ya mafundi wa merikebu? Ikague hivi, hatua kwa hatua

Kila baada ya wiki chache naletewa picha ile ile kwenye simu. Fremu nyeusi, kioo kinachoakisi taa ya sebuleni, na nyuma ya kioo chombo kimoja kimekaa juu ya magogo kando ya mfereji. Mafundi wawili watatu, moshi kidogo, mbwa amelala. Swali nalo halibadiliki: "Hii ni ya kweli? Ni ya miaka ya 1600?"

Kupitia kioo siwezi kujibu. Na wengi waliojaribu kukagua wenyewe wamekwama mahali pamoja: wameanza na picha. Wametazama merikebu, wameona jina la Kiholanzi, wakatosheka. Lakini picha ndiyo kitu chepesi kunakili kuliko vyote. Anza na karatasi, nenda kwenye wino, mafundi na mbwa wao watasubiri.

Katika mwongozo huu neno "chapa" lina maana ya karatasi iliyopigwa kutoka kwenye bamba la shaba. Waholanzi wa karne ya 17 walichora bamba kwa njia mbili kubwa. Ya kwanza, bamba hupakwa nta, mchoraji akachora juu ya nta kwa sindano, kisha asidi ikala shaba pale tu sindano ilipopita. Ya pili, fundi huchonga shaba moja kwa moja kwa patasi nyembamba ya chuma. Wengi walichanganya zote mbili katika bamba moja.

## Vifaa

- Lenzi ya kukuza mara 10, kama ile ya masonara.
- Tochi yenye mwanga mweupe.
- Taa ya kukagulia noti bandia, kama zile za madukani.
- Rula yenye milimita.
- Kipande cha kioo safi, au dirisha lenye mwanga wa mchana.
- Bisibisi ndogo, koleo, na taulo nene.
- Penseli laini. Kalamu ya wino isiwe hata chumba hicho.
- Simu yenye kamera na intaneti.

Glavu za pamba usihangaike nazo, zinakunyima hisia za vidole na hukwaruza kingo zilizochakaa. Nawa mikono, ikauke kabisa, basi. Chai iache jikoni.

## Hatua ya 1: Itoe kwenye fremu

Laza fremu kifudifudi juu ya taulo. Ng'oa misumari midogo ya nyuma kwa koleo, taratibu, ukivutia upande wa fremu na si upande wa karatasi. Toa kadibodi ya nyuma. Usiitupe: mara nyingine ina karatasi ya duka la zamani la fremu, nayo ni ushahidi.

Sababu ya kuanza hapa ni kwamba fremu huficha vitu vitatu unavyovihitaji: mgongo wa karatasi, kingo zake, na maandishi ya chini.

Onyo. Karatasi ikiwa imegandana na kioo, simama. Usiivute, usiipulizie mvuke, usiipashe moto. Ikiwa imegundishwa kwenye kadibodi kwa gundi, iache hapo hapo na uendelee na hatua unazoweza. Na ikiwa imeshikwa kwa selotepu, usiibandue. Mimi niliwahi kubandua moja kwa pasi ya nguo, nikiamini mtu aliyeniambia kwamba joto hulainisha gundi. Gundi ililainika kweli. Ikaingia ndani ya karatasi, na leo kona ile inaonyesha mwanga kama karatasi iliyofungiwa maandazi.

Umefaulu ikiwa chapa imelala peke yake juu ya meza safi, na unaweza kuigeuza kwa kuishika kona mbili zinazokabiliana kwa mshazari.

## Hatua ya 2: Ihoji karatasi

Iinue kwenye mwanga wa dirisha, au iweke juu ya kioo na tochi umulike kutoka chini.

Karatasi ya Ulaya ya karne ya 17 ilitengenezwa kwa matambara, hasa ya kitani, yaliyopondwa na kuchotwa kwa chekeche la waya. Waya hizo ziliacha alama. Utaona mistari myembamba iliyobanana sana, na mingine inayoikata ikiwa imeachana kwa sentimita 2 hadi 3. Karatasi laini isiyo na mistari hiyo ilianza kutengenezwa Uingereza katika miaka ya 1750. Kwa hiyo karatasi isiyo na mistari kabisa haikupigwa chapa katika karne ya 17, hata kama bamba lenyewe ni la wakati huo.

Tafuta pia alama ya mtengenezaji, iliyofichwa ndani ya karatasi kama sura iliyofichwa kwenye noti. Mbili huonekana sana kwenye chapa za Kiholanzi: kofia ya mchekeshaji yenye ncha na vikengele, na nembo ya jiji la Amsterdam yenye misalaba mitatu mfano wa X. Usishangae ukisikia kwamba karatasi yenye nembo ya Amsterdam ilitengenezwa Ufaransa. Sehemu kubwa ya karatasi ya Uholanzi wakati huo ilitoka huko, na watengenezaji walitia alama ambayo mnunuzi aliipenda. Chapa ndogo inaweza kukosa alama kabisa, maana karatasi kubwa ilikatwa vipande na alama ikabaki kwenye kipande cha jirani.

Sasa zima taa ya chumba, washa ile ya noti bandia. Karatasi iking'aa buluu-nyeupe kama shati lililofuliwa kwa sabuni ya unga, ina kemikali ya kung'arisha iliyoanza kutumika kwa wingi baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Habari imeishia hapo.

Onyo. Rangi ya njano au kahawia si ushahidi wa umri. Karatasi ya gazeti huwa hivyo ikikaa juani miezi michache, na wapo wanaoloweka nakala kwenye chai. Karatasi ya matambara iliyotunzwa vizuri inaweza kuwa nyeupe kuliko kitabu cha shule cha mwaka 1980.

Umefaulu ikiwa unaweza kusema mambo mawili bila kubahatisha: ina mistari ya waya au haina, na inang'aa au haing'ai.

## Hatua ya 3: Tafuta alama ya bamba

Bamba la shaba lilipitishwa pamoja na karatasi yenye unyevu kati ya roli mbili nzito. Kingo zake zilididimiza karatasi na kuacha mbonyeo wa mstatili kuizunguka picha. Weka tochi pembeni, karibu usawa wa meza, ili mwanga upite juu ya karatasi kwa mshazari. Mbonyeo utaonekana kama kivuli chembamba.

Ukikosekana, usikate tamaa. Wakusanyaji wa zamani walipenda kukata chapa hadi kwenye mstari wa picha.

Ukiwepo, usishangilie pia. Nilinunua chapa moja Uholanzi, kwenye Siku ya Mfalme, tarehe 27 Aprili, siku ambayo watu humwaga vitu vya ghalani barabarani na kuviuza. Muuzaji hakusema mengi, alininyooshea kidole tu kwenye mbonyeo. Ulikuwa mzuri, umenyooka pande zote nne. Nililipa bila kutoa lenzi mfukoni. Nyumbani nikakuta vitone vya mashine ya kisasa: mtu alichapisha nakala, kisha akaikandamiza kwa bamba tupu ili ipate mbonyeo.

Umefaulu ikiwa umepima mbonyeo, urefu na upana, kwa milimita, na kuandika. Vipimo hivi utavihitaji katika hatua ya 7.

## Hatua ya 4: Lenzi juu ya mstari

Hapa ndipo penye kesi yenyewe, kwa hiyo usiwe na haraka. Chagua sehemu yenye kazi nyingi: kamba za mlingoti, au kivuli chini ya tumbo la chombo. Weka jicho karibu na lenzi, lenzi karibu na karatasi.

Ukiona vitone vilivyopangwa kwa safu, au vya rangi nne, hiyo ni nakala ya mashine kutoka kwenye picha ya kamera. Njia hiyo ilienea kuanzia mwisho wa karne ya 19.

Ukiona mistari mizima yenye wino mweusi uliokaa juu ya karatasi kama mgongo mdogo, uko njia nzuri. Wino ulikuwa ndani ya mfereji wa shaba, karatasi ikaingia humo kuuchukua. Noti nyingi hutumia njia hiyo hiyo, ndiyo maana noti mpya ukiipapasa ina mparuzo. Chapa yako usiipapase. Mulika tochi kwa pembeni uone mgongo huo kwa macho.

Sasa tenganisha sindano na patasi. Mstari wa sindano na asidi huenda huru kama mwandiko wa mtu aliyezoea, na mwisho wake ni butu. Mstari wa patasi huanza mwembamba, hunenepa katikati, kisha huchongoka tena kama unywele, kwa kuwa fundi alisukuma patasi ikazama na kuibuka. Kwenye picha za viwanda vya vyombo, maji na moshi mara nyingi ni vya sindano. Ukikuta mistari ya angani imenyooka na kuchongoka, huenda patasi iliongezwa baadaye.

Onyo kubwa. Ipo nakala inayofaulu majaribio yote mawili, mbonyeo na mistari. Karne ya 19 walijua kuhamisha picha ya kamera kwenye bamba la shaba kwa kemikali, kisha kulipiga chapa kwa mkono. Amand-Durand wa Paris alinakili hivyo chapa za mabingwa wa zamani, na nakala zake zina muhuri mwekundu mgongoni. Yeye alikuwa muungwana, aliweka muhuri. Ndiyo maana nilikwambia ugeuze karatasi.

Umefaulu ikiwa umepiga picha ya simu kupitia lenzi, sentimita moja ya mraba, na mistari inaonekana bila ukungu.

## Hatua ya 5: Soma maneno ya chini

Maandishi madogo chini ya picha ni Kilatini kilichofupishwa, na watu huyachukua yote kuwa majina ya mchoraji. Siyo.

- *inv.* ni aliyebuni picha.
- *del.* ni aliyeichora kwenye karatasi.
- *fec.* au *f.* ni aliyeifanya, mara nyingi yule wa sindano.
- *sculp.* au *sc.* ni aliyechonga bamba.
- *exc.* ni mchapishaji, mwenye duka.

Namba kwenye kona maana yake chapa ni moja ya mfululizo. Reinier Nooms wa Amsterdam, aliyefariki 1664, alitoa mifululizo ya vyombo na mandhari ya bandari, naye alitia sahihi ya Zeeman, yaani baharia. Jan Luyken na mwanawe Caspar walitoa mwaka 1694 kitabu chenye picha 100 za kazi za watu, na mjenzi wa merikebu yumo. Picha zake ni ndogo kiasi cha kufunikwa kwa kiganja. Ukikuta karatasi ya kiganja yenye fundi wa merikebu pamoja na beti za Kiholanzi, anzia hapo.

Onyo. Mwaka uliochongwa kwenye bamba ni mwaka wa bamba, si wa karatasi yako. Mabamba yaliuzwa na kurithiwa. Mwenye duka mpya alisugua jina la mwenzake na kuchonga lake, akaendelea kupiga chapa hadi shaba ikachoka.

## Hatua ya 6: Sasa mtazame fundi

Jambo la kwanza: anatumia mkono gani? Kinachochorwa kwenye bamba hutoka kwenye karatasi kikiwa kimegeuzwa, kama kwenye kioo cha kujitazamia. Mchoraji asiyejali hilo alipata mafundi wote wanaoshika tezo, kishoka cha kuchongea mbao, kwa mkono wa kushoto. Mchoraji makini alichora kinyume ili kitoke sawa. Kwa hiyo fundi wa mashoto si kosa wala si dalili ya bandia, ila andika. Itakufaa hivi punde.

Pili, kazi imefika wapi? Mkuku, yaani uti wa mgongo wa chombo, uko juu ya magogo; fashini na omo, nguzo ya nyuma na ya mbele, vimesimama. Angalia kama mbao za chini zimepangwa wakati ndani hamna mataruma, yaani mbavu za chombo. Kwa macho ya leo inaonekana mchoraji amekosea, kumbe amepatia. Kaskazini mwa Uholanzi walijenga ganda kwanza: mbao za chini zilishikizwa pamoja kwa vipande vidogo vya kupigilia, mataruma yakafuata baadaye. Nicolaes Witsen aliieleza njia hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1671. Cornelis van Yk, aliyeandika 1697, aliieleza ya kusini, ambako baadhi ya mataruma yalitangulia. Aliyekaa na mafundi wa majahazi wa pwani yetu hatashangaa, maana katika ujenzi wa jadi wa Bahari ya Hindi pia mbao hutangulia mataruma.

Tatu, moshi. Hapa nimeona watu wakiandika "kijiji chenye amani, wanapika". Hawapiki. Kwenye kiwanda cha vyombo cha Kiholanzi kuna moshi wa aina tatu, na kila mmoja unakwambia kazi tofauti.

Moshi wa chini, wenye ubao mrefu umelazwa juu ya moto na uzito ncha moja: wanapinda ubao. Upande mmoja unapashwa moto, mwingine unaloweshwa maji, hadi ukubali umbo la tumbo la chombo. Chombo hicho kinajengwa.

Moshi wa chungu, chenye mtu na brashi ya mpini mrefu: ni lami. Kalafati, yaani nyuzi za kuziba, imekwisha kutiwa kwenye nafasi za mbao, sasa wanaziba. Chombo kinakaribia kushuka majini, au ni cha zamani kinachotengenezwa.

Moshi unaotembea kando ya ubavu wa chombo kilicholazwa ubavu, watu wakiwa na uma ndefu za matete yanayowaka: wanaunguza uchafu wa baharini na lami kuukuu. Hapo hakuna ujenzi wowote, ni ukarabati. Na bado utaiona imeuzwa kwa jina la "ujenzi wa merikebu".

Nne, chombo gani? Ukiona ubavuni kuna ubao mkubwa mfano wa sikio la tembo, mmoja kila upande, hicho ni chombo cha maji ya kina kifupi. Ubao ulishushwa upande mmoja ili kisisukumwe na upepo. Tumbo pana, sitaha nyembamba na tezi (upande wa nyuma) ya mviringo ni *fluit*, merikebu ya mizigo ambayo ya kwanza husemwa ilijengwa Hoorn mwaka 1595. Kiwanda kimya chenye chombo kimoja cha mfereji ni biashara ya fundi na wanawe. Kampuni ya Uholanzi ya Mashariki ya India, iliyojenga Oostenburg huko Amsterdam, haikuwa na kimya hicho.

Wanaume wawili wakikata gogo kwa msumeno mrefu, mmoja juu na mmoja chini, ni kazi ya mkono. Kinu cha upepo kwa mbali kinaweza kuwa cha kupasulia mbao. Waholanzi walianza kuvitumia hivyo miaka ya 1590, na eneo la mto Zaan lilijaa navyo.

Umefaulu ikiwa unaweza kueleza kila mtu kwenye picha anafanya nini. Ukibaki na mmoja usiyemwelewa, andika hivyo hivyo, usimpe kazi ya kubuni.

## Hatua ya 7: Ilinganishe

Fungua tovuti ya Rijksmuseum ya Amsterdam, au ya British Museum. Tafuta jina ulilolipata hatua ya 5 pamoja na neno *scheepswerf*, yaani kiwanda cha vyombo. Picha nyingi za Rijksmuseum unaweza kuzishusha bure zikiwa kubwa kiasi cha kuhesabu nyuzi za kamba.

Linganisha vipimo kwanza. Tofauti ya milimita 2 au 3 isikutie hofu, karatasi iliyolowa hunywea ikikauka. Kisha chukua ile sentimita yako ya hatua ya 4 na uifuatilie mstari kwa mstari. Mistari ikilingana lakini yako imefifia, hasa ile myembamba ya angani, una chapa ya bamba lililochoka. Mistari ikifanana kwa umbo tu na kuachana kwenye vivuli, mtu mwingine alichora upya.

Na fundi wako wa mashoto? Akiwa wa mkono wa kulia kwenye chapa ya makumbusho, picha nzima imegeuka. Mnakili aliiweka chapa ya asili mbele yake, akaichora kwenye bamba kama alivyoiona, nayo ikatoka kinyume. Una nakala. Inaweza kuwa nakala ya zamani sana, yenye karatasi nzuri na mgongo wa wino, lakini ni nakala.

## Hatua ya 8: Ihifadhi

Pwani unyevu ndio adui, kuliko hata mende. Usiirudishe chapa ikiwa imebanana na kioo. Iwepo kadibodi iliyokatwa dirisha katikati, isiyo na asidi, mbele na nyuma. Ishikize kwa vipande viwili vidogo vya karatasi nyembamba ya Kijapani na uji wa wanga wa ngano, kwenye ukingo wa juu tu, ili ipate nafasi ya kupanuka na kunywea. Itundike ukuta wa ndani, mbali na jua na jiko. Usipeleke kwenye mashine ya kufunika plastiki: ikiingia haitoki.

Madoa madogo ya kahawia yaache. Dawa ya kufulia nguo nyeupe huyaondoa wiki moja na kula karatasi miaka 20.

Mwisho, andika mgongoni kwa penseli laini, kona ya chini, chapa ikiwa juu ya kioo: vipimo, tarehe ya ukaguzi, ulipoipata.

Ukibaki na shaka, nitumie vitu vitatu: picha ya mgongo wote, picha ya sentimita moja kupitia lenzi, na vipimo vya mbonyeo. Ile ya kwenye fremu usitume.